Muulize Fundi: Springi haipandishi difu

Tangu mvua zianze, barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu ni za jambo moja: pikapu ipandishwe juu na ifungwe tairi kubwa. Kazi yangu ni springi na breki, hapa Tabora mjini, Kiloleni. Magari ya namna hiyo nayaona yakipita yamepandishwa, na mengi nayapokea baadaye yakiwa na maumivu. Kwa hiyo toleo hili lote ni la suala hilo. Barua nimezifupisha, maneno ni ya wenyewe.

Habari za kazi, fundi. Nina Hilux Vigo ya 2010, dabo kebini, forwili, tairi 265/65R17. Nanunua mahindi na karanga vijijini huku Kaliua. Malori yamechimba mifereji barabarani, katikati limebaki tuta. Masika gari linakaa juu ya tuta, tairi zinazunguka bure. Fundi wa huku anataka kuniwekea shako (vyuma vinavyoshika ncha ya springi) ndefu nyuma, spesa (vipande vya kuinulia) juu ya shokapu za mbele na tairi 285/70R17. Anasema nitapanda sentimita 8. Nimpe kazi?
*Mnunuzi wa mazao, Kaliua*

Bado usimpe. Kwanza lala chini ya gari lako, mchana, likiwa limesimama pahala tambarare, utafute panapong'aa. Chuma kinachokwangua udongo kila siku hakishiki kutu, kinasuguliwa mpaka kinameremeta. Kwa maelezo yako nategemea utakuta ni tumbo la difu ya nyuma, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili, na huenda kuna nyasi kavu zimejisokota kwenye nati zake.

Sasa nifuate polepole, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela zao. Difu ya nyuma iko ndani ya ekseli. Ekseli imebebwa na tairi mbili. Springi imekaa juu ya ekseli, na juu ya springi ndiyo kuna chesisi, bodi na mzigo wako. Ukiweka shako ndefu, au ukaongeza springi, kinachopanda ni vile vilivyo juu ya springi. Difu inabaki palepale ilipokuwa. Unaweza kuipandisha bodi mpaka watoto washindwe kuingia bila ngazi, na lile tuta la Kaliua bado litaishika difu kama lilivyoishika jana. Difu ya mbele ya Vigo ni tofauti, imefungwa kwenye chesisi, hiyo hupanda pamoja na bodi. Ya nyuma, kinachoipandisha ni tairi peke yake.

Na tairi nayo inapandisha kwa nusu. Hesabu yake iko ubavuni mwa tairi. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 65 ya upana huo, 17 ni rimu kwa inchi. Asilimia 65 ya 265 ni milimita 172. Ziko mbili, juu na chini, na rimu ya inchi 17 ni milimita 432. Jumla tairi yako ina kimo cha milimita 776 hivi. Ile 285/70R17 inafika 831. Tofauti ni sentimita 5 na nusu, lakini nusu yake iko juu ya ekseli na nusu iko chini. Difu yako itapanda chini ya sentimita 3. Hizo sentimita 8 ulizoahidiwa ni za bodi.

Sisemi sentimita 3 ni kitu kidogo. Kwenye tope zinaweza kuwa ndizo zinazokutoa. Ila uzijue bei yake yote. Tairi hiyo ikiwa ya nje ya lami inaweza kuzidi ya sasa kwa kilo 7 au zaidi kila moja, na uzito huo unazunguka: injini inauvuta kila unapoondoka, breki zinauzuia kila unaposimama. Kila gia inakuwa ndefu kwa asilimia 7. Kwenye tope zito ukiwa na magunia utaona klachi inanuka mapema. Na kwenye Vigo saizi hiyo inagusa plastiki ndani ya madigadi unapokata kona, kwa hiyo kuna kukata na kukunja.

Ningekuwa na gari hilo ningefunga 265/70R17. Kimo chake ni milimita 803. Difu inapanda sentimita 1 na ushee, gia hazipotei sana, na kwenye Vigo nyingi inaingia bila kukata kitu. Ningechagua yenye meno ya kutosha na ubavu mgumu. Halafu ningenunua springi na shokapu zilizotengenezwa kwa pamoja, za kupandisha sentimita 4, mbele na nyuma, ili chesisi na difu ya mbele vipate nafasi na gari lisilale likiwa na mzigo. Hapo ningeishia. Malori yaliyochimba mifereji hiyo yana difu iliyo juu mbali na ya pikapu yoyote, hutayafikia kwa tairi. Jambo litakalokupitisha ni kutoziingiza tairi zako kwenye mifereji yao: upande mmoja wa gari upite juu ya tuta lenyewe, mwingine upite ukingoni. Ikinyesha tuta linateleza, nenda gia ya chini ya forwili, pole, bila kusimama.

Kuhusu shako ndefu, nazikataa. Shako iliyozidi kwa sentimita 10 inakupa sentimita 5 tu kwenye ekseli, na inaipindua difu isikae katika pembe yake, krosi za propela shafti, viungo vya mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, zinaanza kulia. Nyuma ya gari inacheza kwa kando. Spesa za juu ya shokapu nazo zina siri yake: kipande cha sentimita 2 na nusu hapo kinapandisha gari karibu mara mbili ya unene wake, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono unaoishika tairi, haipo mwishoni kwenye tairi. Watu wanaweka spesa nene wakidhani wanaongeza kidogo. Tairi ikining'inia shimoni, boli jointi na sivi jointi, viungo vinavyoiwezesha tairi kukata kona na kupokea nguvu, zinafika mwisho wa pembe zake, na buti la sivi jointi, mpira unaoifunika, linachanika. Likichanika njia ya Kaliua wakati wa masika, mchanga uko ndani siku hiyohiyo.

Kuna jambo lingine, na hili nakuomba ulisome mara mbili. Angalia juu ya ekseli ya nyuma. Magari mengi ya Hilux yana kijiti cha chuma kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likibeba, chesisi inashuka, kijiti kinasogea, vali inaruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu. Gari likiwa tupu chesisi iko juu, vali inazipunguza breki za nyuma zisije zikajifunga. Ukipandisha gari nyuma bila kukigusa kijiti hicho, vali inaamini gari ni tupu siku zote. Unashuka na tani ya mahindi, breki za nyuma zinashika nusu, za mbele zinafanya kazi ya zote mpaka zinachemka. Dawa yake ni ndogo: kibao cha kuirudisha vali au kijiti kwenye pembe yake ya awali, kisha breki zipimwe kwa geji. Muulize fundi wako kuhusu kijiti hicho kabla hujamuuliza bei. Asipokijua, mshukuru, uondoke.

Shikamoo fundi. Mimi ni mpakiaji wa asali, Sikonge. Pikapu yangu ya zamani mbele ina toshenbaa. Kijana mmoja aliikaza kwa spana, ikapanda vizuri siku hiyohiyo bila kununua kitu. Sasa kila shimo linapiga "ko!" na ndoo za asali zinapasuka mifuniko. Je, nifunge shokapu ngumu zaidi?
*Mpakiaji wa asali, Sikonge*

Marahaba, kijana wangu. Shokapu ngumu haitakusaidia, itaongeza mateso.

Toshenbaa ni nondo inayojipinda badala ya springi. Ukiikaza ile boliti yake ya nyuma, nondo haiwi ngumu zaidi kama wengi wanavyosema. Unachobadilisha ni mahali mkono wa tairi unapoanzia safari yake. Mkono una nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Gari likipandishwa kwa kukaza, tairi tayari imeshashuka karibu na mwisho wake. Ukipita shimo inataka kushuka zaidi, haina pa kwenda, mkono unagonga kile kiraba cha kuzuia. Hiyo ndiyo "ko!" yako.

Fungua kofia ya injini au lala chini, utaona kiraba chenyewe. Kati yake na mkono, gari likiwa limesimama, panatakiwa pawe na nafasi ya kueleweka. Kama vidole viwili haviingii, legeza. Fanya hivyo tairi zikiwa zimenyanyuliwa na jeki, chesisi imekaa kwenye stendi, na ukimaliza lishushe, litembeze mita chache mbele na nyuma ndipo upime. Likipimwa papo hapo linakudanganya kwa sababu tairi zimebana ardhi kwa kando.

Baada ya hapo lipeleke alaimenti. Mbele ya gari pakipandishwa au kushushwa, tairi haziangalii tena pale zilipokuwa zinaangalia. Usukani unaoacha kurudi wenyewe baada ya kona, na tairi inayolika ukingo mmoja, ni dalili za kazi iliyoachwa nusu. Asali inataka gari laini. Usiifanyie gari lako kile wanachofanya wenye mawe na kokoto.

Fundi, mimi nina Land Cruiser 79, pikapu, tairi 7.50R16 na rimu zake za chuma. Natoka Uvinza na chumvi, narudi na mawese ya Kigoma. Vijana wananiambia tairi hizi nyembamba ni za kizamani, niweke 265/75R16 gari lipande na likae vizuri kwenye mchanga na tope. Rimu nibaki nazo hizihizi.
*Mzee wa chumvi, Uvinza*

Mzee wangu, shikamoo. Vijana wamekushauri upana wakauita kimo. 7.50R16 ina kimo cha karibu milimita 805. 265/75R16, ukipiga hesabu niliyoionyesha hapo juu, inakuja 804. Hutapanda hata kidogo.

Rimu nazo hazikubali. Tairi ya 265/75 inataka rimu yenye upana wa kuanzia inchi 7, wakati rimu nyingi za 7.50R16 ni inchi 5 na nusu au 6. Tairi pana kwenye rimu nyembamba inavimba katikati, inalika katikati, na kwenye kona ubavu unalala. Kama rimu zako ni zile za pete, zenye pete ya chuma inayoizuia tairi isitoke, nakusihi zaidi: pete isipokaa vizuri wakati wa kujaza upepo inaruka kwa nguvu ya kuua. Hazijazwi huku mtu ameinama juu yake, zinajazwa ndani ya kizimba cha chuma.

Kuhusu ardhi, inategemea unapita wapi. Kwenye tope jembamba lenye ardhi ngumu chini yake, tairi nyembamba inakata tope, inafika chini, inashika. Hapo 7.50 yako inazishinda pana nyingi. Kwenye mchanga mzito pana inasaidia, lakini kinachosaidia zaidi ni upepo. Ukipunguza, tairi inalala na kuacha unyayo mrefu, gari linaelea juu ya mchanga badala ya kujichimbia. Lakini upunguze gari likiwa na mzigo mdogo, uende polepole, na ukitoka mchangani ujaze kabla ya kurudi kwenye mwendo. Tairi iliyolegea ikiwa na mzigo na spidi inachemka ndani mpaka inapasuka. Kwa hiyo nunua pampu ya umeme na geji nzuri kabla ya kununua tairi. Udongo mweusi wa mbuga ni kesi nyingine. Huo ukishiba maji unajaza meno ya tairi yoyote, pana na nyembamba, na mwenye busara anasubiri jua.

Unaponunua 7.50 mpya soma ubavuni namba ya uwezo wa mzigo. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250. Soma na zile tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazima iliyokaa miaka mingi dukani bado ni tairi ya zamani. Wewe unabeba chumvi, hizo namba ni muhimu kwako kuliko sura.

Fundi, naomba usinitaje. Baba watoto ameipandisha pikapu yetu, anasema ndiyo mtindo. Tairi zimetoka nje ya bodi. Nimechungulia chini nikaona kati ya springi na ekseli kuna vipande viwili vya chuma vimebebana. Siku za mnada anabeba watu nyuma, wamesimama. Kwenye kona nahisi kama inataka kulala. Nimwambie nini, maana mimi si fundi?
*Mama wa nyumbani, Urambo*

Dada yangu, umeona vizuri kuliko mafundi wengi. Barua yako ndiyo niliyoisoma kwanza wiki hii, na naandika jibu hili nikitaka alisome na yeye mwenyewe.

Shemeji, salaam. Vile vipande vinaitwa bloku. Bloku moja ya kiwandani, nyuma, yenye senta bolti, boliti ya katikati ya springi, inayoingia sawasawa kwenye tundu lake, inakubalika. Bloku mbili zilizobebana hazikubaliki popote. Ukikanyaga breki, ekseli inataka kujizungusha. Kadiri ilivyo mbali na springi ndivyo inavyopata nguvu ya kuisokota springi hiyo. Bloku zikiteleza ekseli inahama, gari linageuka lenyewe. Zikiwa zimewekwa mbele ndiyo hatari kubwa kabisa, kwa sababu ekseli ya mbele ndiyo inayobeba breki kubwa na usukani. Gari hilo lisitoke na mtu mpaka bloku zitolewe. Ukitaka kimo nyuma, pata springi zilizopindwa kwa kimo hicho, na yuboti mpya, zile boliti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli. Yuboti iliyokwisha kazwa mara moja imevutika, hairudii nguvu yake.

Sasa kuhusu kulala kwenye kona. Kuna hesabu moja wataalamu wa usalama wa magari wanaitumia: nusu ya upana kati ya tairi ya kushoto na ya kulia, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Tuchukue mfano wa pikapu yenye upana wa sentimita 150 na kitovu kilichoko sentimita 70. Nusu ya upana ni 75; gawanya kwa 70 unapata 1.07. Pandisha sentimita 8, unapata 75 kwa 78, yaani 0.96. Kona ileile, spidi ileile, gari sasa liko karibu zaidi na kupinduka. Na hapo bado hujapandisha mtu. Watu waliosimama nyuma, vifua vyao viko juu ya paa la gari. Wanakivuta kitovu hicho juu zaidi, tena hawakai kama mzigo uliofungwa: gari likiinama kidogo wote wanaegemea upande uleule, kama maji kwenye beseni la kichwani.

Tairi zilizotoka nje zinaongeza upana, ni kweli. Lakini mara nyingi zimetolewa kwa rimu zisizo na ofseti ya gari hilo (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu, kwa milimita) au kwa spesa. Rimu za inchi 17 za Vigo nyingi zina ofseti ya +30. Ukifunga rimu ya upana uleule yenye ofseti ya 0, tairi imesogea nje sentimita 3, na beringi za mbele zinabeba uzito kwa mkono mrefu. Usukani unarushwa ukigonga jiwe. Mawe nayo yanarushwa kwa waendesha pikipiki walio nyuma. Kama kuna spesa zilizochongwa mtaani kwa bamba la chuma, zitolewe leo.

Shemeji, nina heshima kwa kupenda gari lako. Ukitaka lisimame juu, lifanye liwe gari la tope lenye watu waliokaa kwenye viti na mikanda. Pikapu imesajiliwa kubeba mizigo, na hao wa mnadani ni majirani zako, kina mama na vijana wanaokuamini. Na bima yako, mwandikie wakala wako umebadilisha nini kwenye gari. Bima iliyoandikwa kwa gari moja ikikutana na ajali ya gari lililogeuzwa, mabishano yanaanza wakati wewe una wagonjwa hospitali.

Dada, kama hatalisoma gazeti, mwombe jambo moja tu: alale chini ya gari likiwa limesimama, avitazame vile vipande viwili vilivyobebana, ajiulize ni nini kinavizuia visiteleze akikanyaga breki. Akikosa jibu, gari lenyewe litakuwa limemjibu.

Nimefunga 285/70R17 badala ya 265/65R17. Askari wa usalama barabarani amenipiga tochi Nzega, kaniambia nilikuwa 54, mshale wangu ulikuwa kwenye 50. Nani mkweli?
*Dereva, Nzega*

Tochi. Spidomita inahesabu mizunguko, haijui kimo cha tairi. Tairi yako mpya inatembea asilimia 7 zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo mshale ukisoma 50 unaweza kuwa unakwenda 53 na nusu. Ukisoma 100 uko 107. Kilomita za kubadilisha oili nazo zinakuja kabla ya namba kuonekana. Linganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, uwe na mtu wa kusoma, kisha endesha kwa namba uliyoipata.

Fundi, nikipandisha gari sentimita 5 na kuweka bomba la hewa la juu, naweza kukatiza mito midogo huku Nguruka bila wasiwasi?
*Mvuvi wa Malagarasi, Nguruka*

Bomba la hewa linailinda injini isinywe maji. Halilindi kitu kingine. Difu, gia boksi na transfa (boksi la gia za forwili) zina pumuo, kipua kidogo chenye kofia. Ukitoka safari ndefu difu ni ya moto. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi hewa ya ndani inanywea na kuvuta, na pumuo likiwa bovu inavuta maji. Ukifungua boliti ya oili siku chache baadaye, inatoka nyeupe kama chai ya maziwa, na beringi zimeshaanza kuoza. Ongezea kila pumuo mpira mpaka juu karibu na boneti. Ni kazi ya asubuhi moja na ya bei ndogo, nawashangaa wanaonunua tairi kubwa bila kuifanya.

Lakini maji yanayokwenda ni jambo jingine kabisa. Pikapu ina mapango mengi yenye hewa, maji yakifika kwenye milango linaanza kuelea, na tairi kubwa zinaongeza kuelea huko. Likipoteza uzito kwenye tairi, mkondo unalichukua. Usiingie kwenye maji ambayo usingeyavuka kwa miguu. Kaka zangu wa Malagarasi mnayajua maji kuliko mimi, msiyadharau kwa sababu mko ndani ya gari.

Fundi, mimi ni fundi mdogo Kasulu, nimeanza kupata kazi za kufunga springi za kupandisha. Magari mawili yamerudi, moja bushi zimechanika baada ya muda mfupi, jingine nati za tairi zimelegea. Nakosea wapi?
*Fundi kijana, Kasulu*

Umefanya vema kuuliza ungali na magari mawili.

Bushi kwanza. Nina hakika ulikaza boliti za springi na za mikono gari likiwa bado juu ya stendi, tairi zinaning'inia. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi, inajipinda. Ukiikaza huku mkono umening'inia, hapo ndipo panakuwa nyumbani kwake. Ukilishusha gari, mpira unakaa umepindwa usiku na mchana mpaka unachanika. Ingiza boliti zote, kaza kwa mkono tu, shusha gari likae kwa uzito wake, litikise mara kadhaa, kisha ingia chini ukaze kwa nguvu yake kamili.

Nati za tairi: safisha uso wa rimu na wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kutu na rangi vikilala katikati vinanywea baadaye na nati inalegea. Hakikisha nati ni za rimu hiyo, za koni kwa rimu ya koni na za washa kwa rimu ya washa. Kaza kwa msalaba, kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba ya kitabu cha gari. Ile bunduki ya hewa itumie kufungulia.

Kabla ya kumkabidhi mwenyewe gari, nyanyua ekseli mpaka springi ziishe safari yake ya chini, kata usukani wote kushoto kisha wote kulia, na mulika kila mpira wa breki kwa tochi. Mpira uliovutika kama kamba uongezwe urefu au kibano chake kishushwe. Angalia pia waya wa ABS, mfumo unaozuia breki zisijifunge. Halafu subiri jioni, simamisha gari mbele ya ukuta, shusha taa. Gari lililopanda linawapiga watu machoni usiku, na barabara ya Kasulu ina baiskeli nyingi.

Mwenye gari mwandikie kwenye karatasi arudi akishatembea kilomita 50 mpaka 100 ukaze nati za tairi, na arudi tena ndani ya kilomita 1,000 ukaze yuboti. Bei ya kurudi huko iweke ndani ya bei ya kwanza, asiwe na sababu ya kutokuja.